Watawa wa Ayalandi na Lugha Zetu

Jina la soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, huwatatiza wanafunzi wangu wa sarufi. Mbona lisiitwe Madaraja Mawili? Huwajibu kwamba jina ni mali ya wanaolitumia. Kazi ya mwanaisimu ni kusikiliza. Na asikilizaye vyema sokoni humo, kati ya akina mama wauzao ndizi na mboga, husikia pia majina yaliyotufikia kwa mkono wa wanawake wa Ayalandi: Edel, Brigid, Kevina. Historia ya majina hayo yafaa ijulikane na kila mwalimu.

Wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911. Siku hizo kazi yao ilisimamiwa kutoka Nsambya, Uganda. Huko Nsambya ndiko alikofika Mama Kevin mwaka 1903 pamoja na watawa wenzake watano. Alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Wicklow, akaitwa Teresa Kearney. Mwaka 1923 alianzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao wanahudumu Kenya pia. Alifariki Marekani mwaka 1957. Mwili wake ulipelekwa Ayalandi, lakini Waganda wakauomba, ukazikwa Nkokonjeru. Hata hivyo, kaburi si ukumbusho wake mkubwa. Katika Kiganda, Kevina liligeuka nomino ya kawaida, likawa na maana ya hospitali au taasisi ya huruma.

Hakuwa peke yake. Masista wa Loreto walifika Mombasa mwaka 1921. Katika shule yao ya Limuru alisoma Wangari Maathai. Edel Quinn, ambaye hakuwa mtawa, alifika Nairobi mwaka 1936 kueneza Legio ya Maria. Alifariki humo mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 36.

Lakini pana jambo la kutafakari. Katika karne ya 19, watoto wengi wa Ayalandi walivishwa kijiti shingoni. Kila mtoto aliponena Kiayalandi, kijiti kilitiwa alama, na mwishowe alichapwa kwa idadi ya alama hizo. Binti za nchi hiyo ndio waliotuletea elimu kwa Kiingereza, lugha ile ile iliyoimeza lugha ya wahenga wao. Sisemi kwamba wao ndio waliobuni ile diski ya kuwaaibisha watoto wetu. Ilivaliwa katika shule za kila namna nchini. Nami niliivaa katika shule ya msingi kwa kosa la kutamka Ekegusii.

Tuwashukuru wanawake hao kwa zahanati na madarasa, bila kusahau gharama yake. Waganda hawakumhifadhi Mama Kevin kwa Kiingereza. Walimpa nafasi ndani ya lugha yao wenyewe. Mtoto aliyenyang'anywa lugha ya nyanya yake ataliweka wapi jina la mtu aliyemtendea wema?

Basi, walimu wenzangu, wapeni wanafunzi kazi ya likizo. Waende kwa wakongwe waliofundishwa au kuuguzwa na watawa, waandike majina na maneno waliyowaitia, kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, kabla wakongwe hao hawajatutoka. Na kama diski ingali inaning'inia shingoni mwa mtoto popote nchini, ivuliwe leo.