Nyasi za Sagalla na Hukumu ya Hima

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Sisi wa pwani methali hii huitumia tukizungumza habari za wakubwa na wadogo. Lakini ukifika Voi ukatazama kusini, chini ya mlima wa Sagalla, utaikuta imesimama kwa maana yake halisi. Tembo wapo, ng'ombe wapo, mbuzi wapo. Zinazopungua ni nyasi.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu Wasagalla. Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948 na baadaye kugawanywa Mashariki na Magharibi, imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Sehemu kubwa ya tambarare iliyosalia iligawanywa kuwa ranchi, nyingi zikiundwa miaka ya 1970. Mfugaji mdogo akabanwa katikati. Na ukame nao haumpi nafasi ya kupumua: tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo.

Aghalabu watu hudhani kuwa jua peke yake ndilo liuualo malisho. Sivyo. Nyasi za kudumu huweka akiba yao mizizini. Zikiliwa kisha zikaachwa zipumzike, huchipua kwa akiba ile na kuijaza tena. Zikiliwa kila zitoapo jani, akiba huisha, mizizi hufa, na ardhi hubaki tupu, ngumu kama sakafu. Hapo hata mvua ikinyesha, maji hupita juu juu yakaishia korongoni.

Dawa yake ni ya kale: kufunga malisho na kuyafungua kwa wakati wake. Wasukuma wa Shinyanga huita ngitili sehemu waifungayo wakati wa mvua ili iwafae kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipoifufua desturi hiyo, zaidi ya hekta 300,000 zilirudia uhai. Na palipokwisha mbegu, hupandwa nyasi zivumiliazo ukame, kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, ambazo watafiti wa Kiboko, huko Makueni, wamezishughulikia. Makingio ya udongo yenye umbo la nusu mwezi huyazuia maji yasitoroke.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqii, karibu na Madina, iwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kuisimamia hima, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri kama Uthman bin Affan na Abdulrahman bin Auf. Wao, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba. Maskini mifugo yake ikifa, atamjia Khalifa na watoto wake wakilia.

Hapa ndipo penye kiini cha shida, ndugu msomaji. Kufunga malisho ni kazi. Kazi kubwa zaidi ni kuamua nani afunguliwe. Baadhi ya ranchi za Taita Taveta hukodisha nyasi kwa wenye makundi makubwa kutoka mbali. Siwalaumu wageni hao, kwani wengi wao wameukimbia ukame kwao. Lakini nyasi zikiuzwa kwa mwenye fedha bila kuhesabu mifugo wala siku, jirani mwenye mbuzi sita atabaki akitazama vumbi. Na asiyepata fungu katika malisho yaliyofungwa hana sababu ya kuulinda ua wake.

Kwa maoni yangu, kila ranchi ingepasa kuwa na fungu la kupumzika, idadi ya mifugo isiyopitwa, na zamu za majirani wadogo kabla ya mkataba wowote. Si jambo la kuwaachia watu wa Voi peke yao. Ng'ombe na mbuzi wengi tunaowachinja Mombasa hutoka bara kwa njia hiyo hiyo. Nyasi zikifa Sagalla, bei itapanda Kongowea, na wa kwanza kukosa kitoweo atakuwa yule yule ambaye Sayyidna Umar alimhofia.