Mikoko ya Gazi: Kupanda kunahitaji kulijua tope

KUPANDA mikoko si kuchomeka mche popote penye tope. Wakazi wa Ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wamejifunza hilo kwa kuingia matopeni wenyewe, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya KMFRI, kurejesha msitu uliokatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani.

Mkoko wenyewe hauna taabu. Mbegu yake huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka hata kuzidi nusu mita, kisha huchomekwa moja kwa moja ardhini. Mtihani ni mlilana, unaoota mbele kabisa kuelekea baharini. Mbegu zake ni ndogo, huanzia kitaluni, na mawimbi yakiing'oa miche, kazi hurudi mwanzo. Mgeni apitaye kwenye njia ya mbao ya kikundi cha wanawake wa Gazi huiona tofauti hiyo kwa macho yake, jambo ambalo darasani ni gumu kulieleza.

Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni umehifadhi hekta 117 na kuuza hati za hewa ukaa. Mapato yamegharimia maji na vitabu vya shule.

Lakini malipo hayo hutegemea msitu kubaki umesimama, ilhali jikoni kuni bado zinahitajika. Ndiyo maana wanavijiji hupanda pia mivinje, nchi kavu.