Msimamizi, Seneti na Cheti: Ufafanuzi wa Haki ya Kusimamia na Kutunuku Shahada ya Uzamivu

Makala hii inafafanua mambo mawili ambayo watahiniwa wengi huyachanganya: haki ya kusimamia tasnifu ya uzamivu na haki ya kutunuku shahada yenyewe. Msimamizi huongoza, husoma rasimu, hukosoa na hatimaye huthibitisha kwa saini yake kwamba kazi inafaa kuwasilishwa kwa watahini. Saini hiyo haimfanyi mtu kuwa daktari wa falsafa. Shahada huidhinishwa na Seneti na kutunukiwa kwa jina la chuo, na chuo huipata haki hiyo kwa sheria au hati idhini.

Historia ya Dar es Salaam inaidhihirisha tofauti hiyo. Chuo kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, kilikuwa na wahadhiri, wanafunzi na Kitivo cha Sheria, lakini hakikuwa na shahada yake. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Hatimaye, tarehe 1 Julai 1970, kikawa chuo kikuu kamili. Kuvuka tarehe hiyo hakukumwongezea mhadhiri yeyote elimu; kilichobadilika ni jina lililo juu ya cheti na, pamoja nalo, mahali pa kuulizwa endapo cheti kingetiliwa shaka. Njia hiyo ilipitiwa baadaye na Sokoine mwaka 1984 na Muhimbili mwaka 2007. DUCE na MUCE bado ni vyuo vishiriki, hivyo wahitimu wao hupata shahada za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nchini Ujerumani suala hili limezua mvutano mrefu zaidi. Vyuo vya ufundi vya Prussia vilipewa haki ya kutunuku udaktari wa uhandisi mwaka 1899, kwa amri ya Mfalme Wilhelm II, licha ya upinzani wa vyuo vikuu vikongwe. Zaidi ya karne moja baadaye, vyuo vya sayansi tumizi vilikuwa na maprofesa wenye uzamivu walioweza kumwongoza mtahiniwa, ila ilibidi chuo kikuu kishirikishwe ndipo shahada itolewe. Mwaka 2016 jimbo la Hessen liliipa Fulda haki hiyo, si kwa chuo kizima bali kwa uwanja wa sayansi za jamii, ulioonekana kuwa na nguvu ya kutosha katika utafiti.

Kwa maoni ya mwandishi, utaratibu huo wa kupima uwanja badala ya jina la chuo una funzo kwa tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili. Seneti inaweza kuwa na mamlaka yote ya kisheria, lakini tasnifu ya fonolojia au ushairi iliyoandikwa kwa Kiswahili huhitaji msimamizi mbobezi, mtahini wa ndani na mtahini wa nje, wote wakiimudu lugha hiyo kitaaluma. Msimamizi akistaafu katikati ya kazi, haki ya chuo kutunuku haipungui hata chembe. Mtahiniwa ndiye anayebaki na sura tatu zisizo na msomaji, huku muda wake wa usajili ukiendelea kuhesabiwa.