Kichwa kimegongwa: pesa iende wapi kwanza?

Mtu akianguka na pikipiki pale Nguba, jijini Bukavu, ndugu zake wa Nyalukemba huchanga dola na faranga, kisha hubishana walipie nini. Njia ziko tatu.

Uangalizi wa muuguzi. Ndio nafuu kuliko zote: unalipia kitanda, tochi anayo mwenyewe. Anaangalia macho, maneno na viungo, anatoa alama kati ya 3 na 15, halafu anarudia usiku kucha. Alama zikishuka hata mbili, ni hatari. Kasoro yake: mgonjwa anaweza kuongea vizuri huku damu ikijikusanya polepole ndani ya fuvu.

Skana ya CT. Inaonyesha damu ilipo, wingi wake, na mfupa uliovunjika. Bei ya picha si gharama yote: kuna gari, na daktari wa kuisoma. Piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi leo. Ikibidi kuvuka mto Ruzizi hadi Kigali, ni mwendo wa saa sita hivi kwa barabara, na mlinzi wa mgonjwa atahitaji kula na kulala. Pesa taslimu iwepo nyumbani: waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifungwa.

Mashine ya mwanga. Infrascanner, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hushikwa mkononi. Nywele hutengwa, ncha zake zikagusa ngozi sehemu nane, nne kila upande; upande wenye damu humeza mwanga zaidi. Ni kazi ya dakika chache, haina miali ya X, hurudiwa upendavyo. Lakini hugundua damu inayozidi mililita 3.5 tu, tena iliyo ndani ya sentimita 2.5 kutoka uso wa ubongo. Damu ikiwa pande zote mbili, ulinganisho huyumba. Aina nyingine hubandikwa kwenye paji la uso kufuatilia oksijeni ya ubongo. Vibandiko vyake hutumiwa na mgonjwa mmoja, kwa hiyo gharama haiishi.

Uamuzi wetu: lipia uangalizi papo hapo. Akitapika tena na tena, akipata degedege, au mboni moja ikipanuka, pesa yote iende kwenye skana. Mashine ya mwanga inafaa kituo cha afya kilicho mbali, imsaidie muuguzi kuamua nani asafirishwe kwanza. Ikisema hakuna damu na mgonjwa bado anasinzia, usimrudishe nyumbani, dai skana.