Mwindo Amefika Bujumbura

Mwezi huu tuache kidogo habari za mgao na karatasi za utambulisho, tuongee kuhusu mtoto mmoja aliyekataliwa na baba yake, akafungiwa ndani ya ngoma, akatupwa mtoni. Wanaotoka pande za Walikale wamekwisha mjua. Ni Mwindo, shujaa wa Wanyanga.

Kwa wasiomjua, kisa ni hivi. Chifu Shemwindo wa Tubondo alikuwa na wake saba, akatoa amri kwamba wazae wasichana tu. Eti mtoto wa kiume akizaliwa, atauawa. Sita wakazaa wasichana. Wa saba akachelewa, na alipojifungua akatoka Mwindo, tayari anatembea, tayari anasema, usinga mkononi. Ndiyo maana aliitwa Kabutwakenda, aliyezaliwa na papo hapo akaenda. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika hai, akatoka. Mwisho akamtia ndani ya ngoma, akaitosa majini.

Sasa sikilizeni vizuri. Ile ngoma haikufuata maji. Ilipanda mto, kwenda kumtafuta shangazi yake, Iyangura. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani alijua bado ana mtu wa kwenda kwake.

Hadithi hii ilikuwa ya mdomo tu mpaka mwaka 1956, Karisi Rureke alipomsimulia mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck. Alisimulia, akaimba, akacheza, kwa siku 12. Siku 12, jamani! Siku hizi sisi tukiongea dakika kumi watoto wameshatoka nje. Biebuyck na mtaalamu wa lugha Kahombo Mateene waliitoa kama kitabu mwaka 1969, Kinyanga pamoja na Kiingereza. Tangu hapo Mwindo anasafiri. Mwaka 2008 mwandishi Mmarekani Aaron Shepard alitoa kitabu cha watoto kilichotokana na hadithi hiyo, na ule usinga umo hadi kwenye jina la kitabu. Kwa hiyo kuna watoto huko Marekani wanaomjua Mwindo, na wengine hapa kwetu, waliozaliwa kambini Gasorwe au Bwagiriza, hawajawahi kusikia jina lake. Hilo linaniuma, siwezi kuficha.

Si sisi tu tuliotawanyika na hadithi zetu. Waairishi wa Ulaya walipigwa na njaa ya viazi kuanzia mwaka 1845. Watu kama milioni moja walikufa, zaidi ya milioni moja wakapanda meli kukimbia, na lugha yao ikazidi kudidimia. Lakini mwaka 1902 na 1904 mama mmoja, Lady Gregory, alitoa vitabu viwili vya hadithi za kale za nchi yake, akitumia Kiingereza kinachofuata jinsi watu wa vijijini kwao wanavyoongea. Humo kuna habari za Cuchulain, ambaye tangu mtoto alipigana kama mtu mzima, ungesema ni ndugu wa Mwindo. Na kuna watoto wanne wa Lir, waliogeuzwa mabata maji na mama wa kambo, wakafukuzwa miaka 900. Dada mkubwa, Fionnuala, aliwafunika wadogo zake kwa mabawa yake baridi ilipokuwa kali. Mwaka 1971 sanamu ya watoto hao iliwekwa kwenye bustani ya mjini Dublin inayokumbuka waliokufa wakipigania uhuru. Yaani hadithi ya kuwatuliza watoto usiku ikawa kumbukumbu ya taifa. Wanaisimulia mpaka leo, kila mmoja kwa namna yake.

Hapo wazee wetu wengine watakataa. Mzee mmoja aliniambia, ukibadilisha neno hata moja umeua hadithi. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Wanyanga wenyewe walikuwa na wasimulizi wengi na kila mmoja na Mwindo wake. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi mengine matatu ya shujaa huyo. Hata majirani zetu Warundi, wakimsimulia Samandari, yule mjanja asiyeogopa wakubwa, kila mtu anamchekesha kwa namna yake. Na vijana wa hapa Bujumbura wanaopenda vitabu walipoanzisha mikutano yao ya kusoma na kujadili, waliiita Samandari. Jina la zamani, kazi ya leo.

Mimi nina wasiwasi na jambo jingine, yaani kukata hadithi nusu. Wengi wanaishia pale Mwindo anaporudi na nguvu. Wajomba zake wahunzi wamemfanya wa chuma, radi imemsaidia, Tubondo imeteketea, baba amekimbilia chini ya ardhi. Watoto wanapiga makofi, tunawapeleka kulala. Hapana! Bado. Mwindo alimfuata baba yake kuzimu, huku shangazi ameshika ncha ya kamba yake, akamrudisha akiwa hai. Akawafufua waliokufa kwa ule usinga. Kisha likakaa baraza, na baba akasimama mbele ya watu wote akakiri alilofanya. Baadaye Mwindo mwenyewe alikosea, akaua joka lililokuwa rafiki wa radi, akachukuliwa juu mawinguni mwaka mzima, akapigwa na baridi, mvua na jua. Aliporudi aliwaagiza watu wake walime vyakula vingi, wasigombane, wasimcheke mlemavu apitaye kijijini. Mtoto wa kambi asikie na hiyo sehemu pia. Ya kulipiza kisasi anaisikia kila siku bila kutafuta.

Jioni moja tulijaribu, kwenye parsele ya jirani huku Buyenzi. Umeme ulikuwa umekatika, ikawa bahati. Tukaanza na vitendawili vya Kirundi, "Sokwe!", watoto wakaitika "Niruze!", halafu mama mmoja mzee akamleta Mwindo kwa Kiswahili chetu hiki cha kuchanganya. Alipofika kwenye mikuki msichana mmoja akamkatiza: "Koko, huyo baba alikuwa anaogopa nini?" Mzee akanyamaza kidogo. Akamjibu, "Aliogopa kuachia kiti." Wakubwa tulicheka, tena kwa sauti.

Wiki iliyofuata tuliwaomba watoto wasimulie wenyewe. Mvulana wa miaka tisa hivi, aliyezaliwa upande huu wa mpaka, akasimama. Kwake ngoma ilitupwa Ruzizi, pale karibu na Gatumba. Ikapanda mto. Ikapita Kiliba, ikapita Luvungi, ikapita Kamanyola, viboko wakaipisha. Hajawahi kufika huko. Majina ameyapata kwa mama yake. Tukamuuliza, "Na shangazi yuko wapi?"

"Bukavu," akasema. "Anamngoja. Ameshapika."