Nyumba ya Samaki na Bwawa Lililofungwa

Mama yetu hakuwa na hamu ya kwenda kutazama samaki. Alikuwa ametoka pwani ya Kilifi mpaka Chicago kumwona mwanawe na wajukuu, na akasema wazi kwamba samaki amewatazama miaka sitini na hapana aliyemtoza kiingilio. Lakini Sumaiya, mjukuu wake wa miaka tisa aliyezaliwa huko, alikwisha kumwahidi jambo. Katikati ya nyumba ile, alisema, pana bwawa kubwa la duara lenye matumbawe, na mpiga mbizi huingia ndani akawalisha samaki huku akizungumza na watu. "Bibi, ni kama bahari yako," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika. Basi tukaenda: Mama, sisi binti zake watatu, na watoto.

Shedd Aquarium ni jengo la marumaru nyeupe, lenye pembe nane, lililo kando ya Ziwa Michigan. Lilifunguliwa mwaka 1930 kwa fedha za mfanyabiashara John G. Shedd, ambaye mwenyewe alifariki mwaka 1926 na hakuwahi kuliona limekamilika. Chicago iko mbali na bahari, na kwa hiyo maji ya chumvi ya mwanzo yaliletwa kwa reli kutoka Key West, kusini kabisa mwa Florida. Mabehewa 20 ya matangi yalikwenda na kurudi mara nane, na kuleta karibu lita milioni 3.8. Siku hizi maji ya chumvi hutengenezwa papo hapo, kwa kuchanganya chumvi na maji matamu. Tulipomweleza Mama hayo alicheka. "Kumbe bahari nayo hukorogwa kama uji," alisema.

Tulipofika ukumbi mkuu, chini ya kuba, bwawa halikuwapo. Mahali pake palisimama ukuta wa mbao, mrefu kuliko mtu, na nyuma yake zilisikika kelele za keekee na nyundo. Kosa lilikuwa letu, kwani matengenezo yalikwisha kutangazwa nasi hatukujishughulisha kusoma. Sumaiya aliuweka uso wake penye ufa baina ya mbao mbili, akatazama, kisha akaanza kulia kimyakimya, kama aliaye mtu mzima.

Bwawa lile lilijengwa mwaka 1971 na kuchukua lita 340,000 hivi. Kwa zaidi ya miaka hamsini ndilo lililompokea kila mgeni aliyeingia. Kuondolewa kwake ni sehemu ya kazi iliyotangazwa mwaka 2022, yenye gharama ya dola milioni 500, ya kulitengeneza upya jengo zima hatua kwa hatua kabla halijatimiza miaka 100. Hawakuifunga nyumba yote. Hufunga sehemu moja, wakaziacha nyingine wazi, kisha wakahamia nyingine.

Mama hakutazama ufani. Alimwendea mama mmoja mtu mzima aliyesimama hapo kuwaelekeza wageni, nasi tukawa wakalimani.

"Mwulizeni, samaki wamepelekwa wapi?"

Wamehamishiwa matangi mengine, tulijibiwa, na wanatunzwa.

"Na hapa patarudi nini?"

Yatawekwa matangi mawili pacha, moja la maji matamu na jingine la maji ya chumvi.

"Lini?"

Mwisho wa mwaka huu, inshaallah. Hiyo inshaallah tuliiongeza sisi katika kufasiri.

Mama akatikisa kichwa, akasimama kuutazama ule ukuta wa mbao kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama samaki yeyote siku ile. Sisi tulijua yuko wapi kwa mawazo, na hakuwa Chicago.

Hatuna budi kueleza. Tangu mwezi wa Rajabu, Mama na mdogo wake, yaani mjomba wetu, walikuwa hawana mazungumzo. Salamu hawakunyimana, lakini salamu zikiisha, kila mmoja hushika njia yake. Mjomba ni mjumbe wa kamati ya ufuo kijijini kwetu, na kamati ilikuwa imeleta shauri la kuweka tengefu, yaani kutenga sehemu ya mwamba isivuliwe kabisa ili samaki wapate kuzaana. Sehemu iliyochaguliwa ni ileile ambayo wanawake huiendea kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, kuchokoa pweza.

"Wanaume wana madau, watasogea mbele," Mama aliwaambia mbele ya watu. "Sisi miguu yetu itasogea wapi?"

Hatuwezi kulisikia neno hilo kama watu baki. Karo zetu sote watatu, na ya kaka yetu aliye Chicago, zilitoka mwambani pale, pweza mmoja baada ya mwingine.

Wala Mama hakukana kwamba bahari imechoka. Anaukumbuka vizuri mwaka 1998, joto la maji lilipopanda matumbawe yakageuka meupe kama chokaa, na mengi yakafa. Anajua pia kwamba pweza wa siku hizi hutolewa pangoni akiwa mdogo hata hajai kiganja. Alichokataa ni namna jambo lilivyoletwa. Kamati ilisema panafungwa, ikanyamaza. Haikutaja siku ya kufungua wala mahali pa kwenda.

Tukateremka chini, penye sehemu iitwayo Wild Reef, iliyofunguliwa mwaka 2003. Pale pametengenezwa mfano wa mwamba wa kisiwa cha Apo nchini Ufilipino, wenye matumbawe hai, na tangi la papa la takriban lita milioni 1.5. Wasomaji watauliza Ufilipino ina nini nasi. Samaki wengi wa miamba wa Bahari ya Hindi huenea kuanzia pwani yetu mpaka ndani ya Pasifiki, na sura walizonazo kule ndizo walizonazo huku. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamikia magoti, aliongeza mwendo.

"Huyu kangaja. Huyu kitatange, mzuri wa kutazama, sufuriani hana kitu. Huyu kikande, ngozi yake msasa mtupu. Mkunga huyo, msimpe kidole! Na yule taa aliyejifukia mchangani mnamwona? Hamumwoni. Tazameni macho."

Watoto waliitikia kila jina kwa sauti moja, kama walio chuoni mbele ya mwalimu. Sumaiya alikwisha kufuta machozi. Alitoa kalamu mkobani kwetu akawa anaandika majina nyuma ya karatasi ya ramani. Watu wawili watatu wasiotufahamu walijiunga nyuma yetu wakisikiliza lugha wasiyoijua.

Dada yetu wa kati, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyetueleza habari za Apo yenyewe. Katika miaka ya 1980 wavuvi wa kisiwa kile, kwa ushauri wa wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Silliman, walikubaliana kutenga kipande cha mwamba wao kisivuliwe, wakaendelea kuvua sehemu zilizobaki. Samaki wakiongezeka ndani ya eneo lililotengwa, baadhi hutoka nje ya mpaka, na hapo ndipo wavuvi huwapata. Mama alisikiliza bila kugeuka, macho yake kiooni.

"Na wake zao je?" aliuliza.

Hatukuwa na jibu.

Yako mengine tuliyoyaona ambayo tutayapitia kwa haraka. Watoto walidai pengwini, kwa sababu ya kile kisa cha mwaka 2020: jengo lilipofungwa kwa ajili ya korona, wahudumu waliwaacha pengwini watembezwe kumbini, na mmoja wao aitwaye Wellington akasimama kuwatazama samaki kama mgeni aliyekata tikiti. Tulisimuliwa pia habari za samaki mwenye mapafu kutoka Australia, aliyeitwa Granddad, yaani Babu, aliyefika pale mwaka 1933 akafa mwaka 2017. Ni wa ukoo mmoja na kamongo wa Ziwa Viktoria. Miaka themanini na zaidi ndani ya tangi! Mama alisema maskini.

Adhuhuri tuliiswali nje, majanini. Kibla cha Chicago kiko kaskazini mashariki, kwa hiyo tuliswali tukielekea ziwani, upepo ukitupeperushia mitandio. Kisha tukafungua sambusa na viazi karai alivyotufungia wifi yetu, na mazungumzo yakarudi palepale tulipoyaacha.

Kuruwitu Mama anaifahamu, si mbali na kwetu. Wazee wa pale walitenga hekta 30 hivi za bahari mwaka 2005, wakapingwa na baadhi ya wenzao. Samaki wakarudi, wageni wakaanza kuja kuogelea na kuwatazama, na mwaka 2017 jumuiya ile ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hayo yote Mama huyajua, na jibu lake ni kwamba mgeni wa kuogelea halipi deni la dukani.

Ndipo dada yetu akasimulia habari za Andavadoaka, kijiji cha wavuvi kusini magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 wanakijiji wa pale walifunga mwamba mmoja wa pweza kwa muda wa miezi saba hivi, kisha wakaufungua kwa siku waliyoiafiki. Walipoufungua walikuta pweza wakubwa, na vijiji vingine vikaiga. Sababu si ngumu. Pweza hukua upesi mno, na umri wake haupiti sana mwaka mmoja. Ukimwacha miezi michache, kilo zake huongezeka mara kadhaa.

"Hilo silijui leo," alisema Mama. "Jike akilalia mayai hata kula hali, hufa palepale pangoni. Ukimtoa kabla, umewatoa na wanawe." Alinyamaza akimenya kiazi kisichohitaji kumenywa. "Hao wa Madagaska walitaja siku?"

"Walitaja."

"Na huyu mama wa humu ndani naye alitaja."

Hakuongeza neno mpaka tukafika nyumbani.

Majira ya joto kule jua huchelewa kutua, na isha huingia usiku sana. Saa nne za usiku, tukiwa tungali tunaingoja, Mama alituomba simu. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, watu wamekwisha toka msikitini. Mjomba alipokea kwa hofu.

"Dada, kheri?"

"Kheri, alhamdulillahi. Nataka kukuuliza. Hilo tengefu lenu, mmetaja siku ya kulifungua?"

Kukawa kimya. Tukasikia jogoo.

"Hatujataja, Dada."

"Basi tajeni. Miezi mingapi, bamvua ngapi, liandikwe mbele ya watu. Na kwenye kamati mwanamke yumo?"

"Hayumo."

"Mkutano usogezeni mpaka nirudi."

Mjomba alisema atamwona mwenyekiti siku hiyohiyo. Hakuahidi zaidi ya hapo, naye Mama hakumbana. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyejua amalizeje, akauliza kama huko Chicago kuna samaki. Mama akajiweka vizuri kitini, akamwita Sumaiya alete ile karatasi ya ramani, akaanza kumhesabia ndugu yake mmoja mmoja.