Perege na kambale bwawa moja: nani aingie kwanza?

Mfugaji wa samaki huku kwetu hukutana mapema na hasara ya aina mbili. Ya kwanza: amepandikiza vifaranga 300 vya perege, na miezi sita baadaye anavuta wavu na kukuta samaki zaidi ya elfu moja, karibu wote wadogo kama kidole, wasiouzika. Ya pili: ameambiwa achanganye na kambale, akachanganya siku hiyohiyo, akaja kuvua kambale wachache wanene na perege wa kuhesabu.

Tuanze na perege. Huyu huanza kuzaa angali mdogo, mara nyingi kabla hajatimiza miezi sita. Jike wa sato, perege anayefugwa zaidi, hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata baadaye watoto hukimbilia mdomoni mwake wakiona hatari. Ndiyo maana wengi hupona. Watoto hao hula chakula kilekile cha wazazi, na pumba uliyopima kwa samaki 300 inagombaniwa na elfu.

Kambale anawekwa ili awapunguze watoto hao. Lakini kambale hachagui mtoto wa nani wala hatafuni. Humeza samaki mzima. Kipimo chake ni mdomo: anayepita analiwa, asiyepita anaachwa.

Kwa hiyo perege waingie kwanza. Wape miezi miwili au mitatu, wafikie urefu wa kiganja. Hapo ndipo ulete kambale wenye urefu wa kidole cha kati. Kambale mmoja kwa perege 10 ni hesabu nzuri ya kuanzia. Kwa perege 300, weka kambale 30. Wawe wa ukubwa mmoja, kwa sababu kambale mkubwa hula hata kambale mwenzake. Na usiwaache pamoja mwaka mzima. Kambale hukua haraka, na mdomo wake hukua naye.

Hapa Mbeya kuna jambo jingine: baridi. Perege hustawi kwenye maji ya nyuzi joto 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo, hukua polepole na karibu huacha kuzaa. Mfugaji wa Kyela, chini kando ya Ziwa Nyasa, yuko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Wa Mbeya mjini yuko kwenye 1,700. Ushauri unaomfaa wa Kyela haumfai wa Uyole. Kwenye baridi, perege hawazaliani kwa kasi hiyo, na sisi tungesema vuna kwanza mara moja bila kambale, uone watoto ni wengi kiasi gani.

Wafugaji wengi wa milimani huacha maji ya kijito yapite bwawani usiku na mchana wakidhani samaki wanapenda maji mapya. Maji hayo ni ya baridi, na yanatoka na rutuba yote ya samadi. Jaza bwawa, funga, ongeza tu yanapopungua.

Funga pia kwa chujio la wavu mdogo bomba la kuingiza maji na la kutolea. Kambale wa mtoni akiingia vifaranga wakiwa wadogo, atawamaliza kimyakimya. Na sato si samaki wa asili wa Ziwa Nyasa. Akitorokea kwenye mito inayoshuka huko huzaana na perege wa ziwani na kuchanganya mbegu yao.

Ukishavua, usipandikize upya kabla ya kukausha bwawa na kupekua tope. Kambale huvuta hewa ya juu, kwa hiyo hubaki hai kwenye tope lenye maji kidogo siku nyingi. Wawili tu waliojificha humo wanatosha kula vifaranga wako wapya wiki ya kwanza.